Mfereji wa Bwana Kesho

Siku ramani ilipotandazwa juu ya meza katika darasa la shule ya Mahurunga, kila mtu alinyoosha shingo aione, isipokuwa Carlota. Yeye alikuwa anautazama mlango. Alikuwa anapima kama anaweza kuchomoka bila kuonekana, akajifiche nyuma ya choo cha walimu, acheke mpaka ashibe, halafu arudi na uso wa mjane mwenye heshima zake.

Lakini njia haikuwepo. Darasa lilikuwa limejaa mpaka madirishani.

Aliyeleta ramani alikuwa Emmanueli, kijana wa ofisi ya ardhi Mtwara mjini, Mngoni wa Songea, suruali imenyooshwa kwa pasi hata katika vumbi lile. Aliiwekea mawe kwenye pembe isijikunje. "Ndugu zangu," alisema, "hili ni shamba la zamani la mkonge, lile mnaloliita la Bwana Kesho. Ramani ilichorwa wakati Waingereza walipompa ardhi. Mstari mwekundu ni mpaka wake. Na huu wa buluu," akapitisha kidole polepole kutoka bondeni hadi mto Ruvuma, "huu ni mfereji mkuu. Ulikuwa unakusanya maji yote ya bonde na kuyamwaga mtoni."

"Ahaaa!" darasa zima likaitikia.

Bakari akasimama. Bakari alikuwa balozi wa nyumba kumi kule kilimani, Myao, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema jambo kwa sauti ndogo. "Kwa hiyo mfereji upo?"

"Upo. Umejaa tope tu. Kazi yenu ni kuufukua."

"Mngoni, usije ukatudanganya. Ninyi kwa uongo mna digrii."

"Ningekudanganya wewe, mtani? Babu zako walipowaona babu zangu walikimbia mpaka hapa mtoni. Bila mto mngekuwa bado mnakimbia."

Watu wakaangua kicheko, na Bakari akacheka kuliko wote. Hapo Carlota naye akapata nafasi ya kucheka, akacheka hadi machozi, na jirani yake akashangaa maana utani wenyewe haukuwa mkubwa kiasi hicho.

Sasa ni lazima ieleweke jambo la mfereji lilikuwa zito kiasi gani. Bonde lile, Bwana Kesho alipoondoka, walipewa watu waliotoka ng'ambo ya Ruvuma enzi za mkonge, akina Carlota, kwa sababu moja tu: hakuna mwingine aliyelitaka. Wakalilima mpunga. Mpunga ulikubali, lakini kila masika maji yalikuja, yakakaa kitako, yakakataa kuondoka mpaka kila kitu kioze. Wakaomba kijiji kizima kiwasaidie kuchimba mfereji. Watu wa kilimani wakasema, mpunga wenu, maji yenu, majembe yetu yanahusikaje? Mkutano ukaisha kwa kutupiana maneno. Na mwaka ule, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, kamati ya kijiji ikakata shauri: bonde likizama mara nyingine, basi, mpunga umekwisha. Wa bondeni wapande kilimani, wapewe miche ya korosho, waanze upya.

Carlota kuanza upya hakutaka hata kusikia. Ng'ambo kulikuwa na vita, kurudi hakuna. Mumewe Inasio alikuwa amezikwa kwenye tuta kando ya shamba lile. Kipande kile cha tope kilikuwa kitu pekee duniani ambacho mtu akiuliza ni cha nani, jibu ni Carlota. Alikipenda. Wala hakuona haya kusema.

Ndiyo maana alishtuka kumsikia Bakari, yule yule aliyekataa kata kata kuchimba, akipiga meza ya mwalimu.

"Ndugu wananchi! Mkoloni kaondoka na mali zetu, kabeba kila kitu mpaka bawaba za milango. Mfereji ameusahau! Tuuache uozee ardhini? Mali ya mkoloni ni mali ya nani?"

"Yetu!"

"Basi Jumatatu tunakwenda kuchukua kilicho chetu!"

Nderemo zikalipuka. Watu waliogoma kuchimba mfereji mpya hata wa urefu wa kitanda walikuwa sasa wanagombea nani ashike sururu ya kwanza kuukomboa wa zamani. Carlota akapiga vigelegele pamoja nao, maana alifanyeje? Moyoni aliwaza: mama wee, siku watakayojua!

Kwa sababu mfereji haukuwepo. Haukuwahi kuwepo.

Yeye alijua kwa macho yake; vibarua wengine wa wakati ule walikwisha tawanyika. Serikali ilimpa Bwana Kesho ardhi kwa sharti: akaushe bonde, la sivyo ardhi inarudi. Manamba, vibarua wa mkonge, wakamuuliza, bwana, tunaanza lini kuchimba? Kesho. Na kesho yake? Kesho. Ndivyo alivyopata jina. Muda ulipokaribia kwisha akatandaza ramani barazani, akachukua rula na wino wa buluu, akamwita Inasio amshikie rula upande wa pili isiteleze, akauchimba mfereji wote kabla chai haijapoa. Mkaguzi alipokuja alikaa baraza ile ile. Alikula kuku wa kuchoma, akanywa mpaka miwani ikamshuka puani, akalitazama bonde kwa darubini kutoka kitini, akatia sahihi. Carlota, wakati huo msichana anayeosha vyombo, alikuwa nyuma ya pazia, kaziba mdomo kwa kanga.

Yeye na Inasio walikula kicheko hicho maisha yao yote ya ndoa. Mumewe akimwahidi kitambaa kipya, alimuuliza, "Cha kweli, au cha Bwana Kesho?"

Jumatatu wakaanza. Emmanueli alipigilia vigingi kufuata mstari wa ramani, na watu wakashuka na majembe, masururu, machepe, ngoma mbili na madumu ya uraka, pombe ya mabibo. Carlota akajitolea kupika, apate kuwa karibu. Siku ya kwanza ilikwenda kwa nyimbo. Siku ya pili Fernando, kijana mwenye mikono mikubwa na mdomo mkubwa zaidi, akachomeka jembe chini, likagoma kuingia.

"Hivi," alisema, "tope la kujaa ndivyo linavyokuwa? Huu udongo ni mgumu kama vile haujaguswa tangu Mungu aumbe."

Waliokuwa karibu wakaacha kuchimba. Carlota akasogea karibu na mafiga. Akajifanya kuipulizia moto sufuria ya mbaazi, masikio yote yako kwa Fernando.

"Umeshindiliwa na maji miaka mingi," alijibu mmoja.

"Maji yanalainisha, ndugu yangu, hayashindilii."

Carlota akaona mambo yanaharibika. Alfajiri ya pili yake, kabla jogoo wa mwisho hajanyamaza, alivuta kapu kutoka uvunguni mwa kitanda, akakusanya makorokoro yote ya zamani aliyoyapata: mnyororo uliooza, jembe la kutu lisilo na mpini, chupa, kipande cha bati. Akawahi mbele ya wachimbaji, akatifua kwa panga, akafukia kimoja hapa, kingine pale, akakanyaga kanyaga, akatandaza majani juu. Akarudi jikoni akiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Aliona aibu kidogo. Kidogo sana.

Mnyororo ulipatikana kabla ya chai. "Mnyororo wa Bwana Kesho!" wakapiga kelele, na kasi ikaongezeka. Bati likaleta furaha kubwa zaidi. Halafu Fernando akaibua jembe, akalifuta kwa kiganja, na Bakari akalinyakua.

Akaligeuza. Akalitazama tundu la ukingoni. Uso ukambadilika.

"Hili ni jembe langu."

Carlota nusura aangushe mwiko.

"Langu kabisa! Tundu hili nililitoboa mwenyewe kwa msumari. Nilimwazima Inasio, shemeji huyu hapa shahidi, akaniambia limepotea!" Akamgeukia Carlota. "Shemeji, Inasio alikuambia lilipotelea wapi?"

Jamani, mtu mwingine angezimia. Carlota akautumbukiza mwiko sufuriani, akakoroga. Akakoroga tena. Marehemu Inasio hakuwahi kumwambia jembe lile ni la nani. Na wala hakuhitaji kujibu, kwa sababu Bakari alikuwa amekwisha pata jibu lake mwenyewe, na jibu hilo lilimpendeza mno.

"Maana yake," alisema polepole, macho yakimtoka, "Inasio alikuja kuchimbia huku. Maana yake mfereji huu umechimbwa kwa jembe langu!" Akaliinua juu. "Mnaona? Mkoloni alitumia jembe langu bila kunilipa!"

Tangu hapo hakuna aliyethubutu kusema udongo ni mgumu. Kusema udongo ni mgumu ilikuwa sawa na kumtukana Bakari.

Na mambo hayakuishia hapo. Jioni ile Mzee Yohana, aliyekuwa kimya tangu Jumatatu, akakohoa akasema anakumbuka vizuri sana mfereji ulivyochimbwa. Alikuwepo. Baba yake alikuwepo. Akavuta kanzu akaonyesha kovu la mguuni, akasema ni sururu ya siku ile ya kufika mtoni. Carlota alilijua kovu lile, lilikuwa la kuangukia mkorosho akiwa amelewa. Kesho yake wazee wengine wakaanza kukumbuka. Mmoja alikumbuka wimbo wa wachimbaji. Akauimba. Watu wakaujifunza, wakachimba nao.

Carlota alicheka peke yake jikoni mpaka mbavu zikamuuma, kisha akaacha ghafla, akaona si jambo la kuchekesha tu. Lakini shimo lilikuwa linasonga mbele kila siku, pana, lenye kingo zilizonyooka, likielekea mtoni. Akafunga mdomo.

Mvua za kwanza ziliwahi mwaka ule. Bonde likaanza kujaa wakati kipande cha mwisho, kile cha kufikia mkono wa mto, bado kimesimama kama ukuta. Miche ya mpunga ya Carlota ilikuwa kitaluni, maji yameifika shingoni. Siku hiyo Emmanueli akaja kutoka mjini kukagua. Aliteremka ndani ya mfereji kwa viatu vyake vya ofisini, akapapasa kuta za udongo, akatembea, akapapasa tena. Kisha akaja moja kwa moja jikoni, akachuchumaa karibu na mafiga, akatoa chupa mfukoni.

"Mama Carlota," alisema kwa sauti ya chini, "hii imetoka kwenye mfereji wa Bwana Kesho."

"Aka! Chupa ya Mzungu hiyo."

"Ina karatasi ya zahanati ya Kitaya. Dawa ya kikohozi. Bwana Kesho alikuwa anatibiwa Kitaya mwaka jana?"

Carlota akatazama chupa. Lo, ile karatasi! Akamtazama kijana. Akaona hakuna pa kukimbilia, akamweleza yote, toka rula mpaka kapu la uvunguni. Emmanueli akakaa chini mavumbini na suruali yake ya pasi.

"Nimeapa mbele ya mkutano," alisema. "Nimewaambia upo. Kijiji kizima kimechimba kwa mdomo wangu."

"Ulisoma kilichoandikwa, mwanangu. Aliyeandika ndiye mwongo."

"Wakijua watatupa majembe. Na mimi watanitupa mtoni."

"Basi wasijue," Carlota alisema, akamshika mkono. "Kimebaki kipande kile tu. Nakuomba. Nina shamba hili tu duniani. Maji yakishapita, useme unavyotaka, nami nitasimama nawe."

Emmanueli akafikiri, halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. "Dawa ya kikohozi," alisema, akairudisha chupa mfukoni. Wakakubaliana: kimya mpaka maji yapite.

Na nani alikivunja kimya hicho? Si Emmanueli.

Mchana watu walitoka shimoni kula. Walikuwa wamechoka, wamelowa, wana furaha. Mzee Yohana akasimulia tena habari za kovu. Bakari, ugali wa muhogo mkononi, akaupitishia macho mfereji mzima kutoka mtoni hadi ulikopotelea bondeni, akatikisa kichwa kwa kuvutiwa.

"Mkoloni alikuwa mnyama," alisema, "lakini tumpe haki yake. Kazi aliijua. Tazameni ulivyonyooka! Sisi wenyewe tungeweza kitu kama hiki? Thubutu! Bila Mzungu kututangulia, tungekuwa bado tunagombana shuleni."

"Kweli," wakaitikia wengine. "Kweli kabisa. Yule bwana alikuwa fundi."

Carlota alikuwa anagawa mbaazi. Akausimamisha upawa hewani. Hasira ilimpanda kutoka miguuni, hasira ya kweli, ambayo hakuitegemea. Akamwona yule mtu barazani na rula yake, akiupuliza wino ukauke. Akaona mikono ya Fernando iliyochubuka. Emmanueli alimwona uso, akamwashiria kwa macho: nyamaza, mama, nyamaza, kimebaki kipande kidogo. Carlota alikuwa na akili zake zote, alijua anachokiweka rehani. Na bado mdomo ukafunguka.

"Fundi wa nini!" alipiga kelele. "Fundi wa nini yule mvivu! Hakuchimba hata shimo la kuzikia paka! Mfereji aliuchora kwa wino, mimi nikiwa nyuma ya pazia, Inasio kashika rula! Hakukuwa na mfereji hapa! Hapajawahi kuwa na mfereji!"

 Mtu mmoja akameza tonge kwa nguvu.

"Na mnyororo?" aliuliza Fernando.

"Nimeufukia mimi."

"Jembe langu?" Sauti ya Bakari, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ilikuwa ndogo.

"Lilikuwa uvunguni kwangu, shemeji. Inasio hakulipoteza, alisahau kulirudisha. Nisamehe. Mnisamehe nyote. Niliwadanganya kwa sababu nililitaka shamba langu. Lakini siwezi kukaa hapa nikisikia mnampa yule mtu jasho lenu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Watu walitazamana. Baadhi walisimama, wakayatazama majembe yao yaliyolala kwenye nyasi, na Carlota akaiona miche yake imekwisha zama. Bakari aliweka ugali chini. Akatembea mpaka ukingoni mwa mfereji, akasimama amewapa mgongo, akitazama kule walikotoka. 

"Emmanueli," aliita bila kugeuka. "Ramani yako ni ya uongo?"

"Ni ya uongo, mtani."

"Sasa kama Bwana Kesho hakuchimba, haya yote kachimba nani?"

 Kila mtu aligeuka akatazama alikotazama yeye, lile shimo refu lililonyooka likipita katikati ya bonde, na mtu angeweza kusema walikuwa wanaliona kwa mara ya kwanza. Kisha Fernando akaitazama mikono yake, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeshtukizwa zawadi.

"Sisi," alisema. "Mama yangu! Ni sisi!"

"Sisi!" Bakari akageuka, na sauti yake ilikuwa imerudi, imeongezeka. "Wapumbavu wakubwa! Tumechimba mfereji mpya mzima huku tukimsifu mtu mwingine! Shemeji, wewe nina kesi nawe, tutaizungumza. Lakini kwanza inukeni! Atakayelitaja jina la yule mvivu mbele yangu leo, nitamfukia na mnyororo wake!"

Waliingia shimoni kwa pamoja, chakula kimeachwa kwa kuku. Emmanueli alivua viatu, akashika chepe. Mzee Yohana aliendelea kusema yeye anakumbuka, alikuwepo, kovu si hili hapa, na hakuna aliyekuwa na muda wa kumbishia. Ukuta wa mwisho ukalainika, ukachuruzika, ukapasuka. Maji ya bonde yakaja kwa kishindo yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yakabeba majani, jembe la mtu na kofia ya Emmanueli, yakaingia Ruvuma. Watu walirukaruka kingoni wakikumbatiana, wa bondeni na wa kilimani, huwezi kujua nani ni nani kwa tope.

Jioni maji yalikuwa yameshuka. Carlota alikwenda shambani peke yake, akainama kitaluni, akaipangusa tope miche yake mmoja mmoja. Ilikuwa imelala, lakini mizizi ilikuwa imeshika. Ilikuwa hai. Alimwambia Inasio kule kwenye tuta kwamba iko hai.

Akasikia mtu anakohoa. Bakari alikuwa amesimama kwenye jaruba, miguu imezama, kofia mkononi, anatazama huku na huku kama mtu aliyepita njia tu.

"Shemeji."

"Umekuja na kesi yako?"

"Kesi itasubiri." Akakohoa tena. Akachukua bonge la udongo, akalivunja, akalinusa. "Udongo mzuri huu. Sikujua. Hivi kile kipande cha pale pembeni, karibu na mfereji, kina mwenyewe?"

Carlota alinyooka, mikono kiunoni, akamtazama yule aliyekuja kwao miaka ile kuwaonyesha bonde lisilotakiwa na mtu. Alitaka kucheka, akajizuia kwa shida.

"Kina mwenyewe," alisema. "Lakini anaombeka."